Hati ni ya Ardhi, Kibali ni cha Nyumba

Hotuba kwa wakazi na wenye viwanja, mkutano wa mtaa, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wetu, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma chini ya mwembe, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Nashukuru kwa kunialika. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Njoo utueleze habari ya vibali, maana watu hawalali kwa kuogopa kuamka na X ukutani." Nitaizungumzia hiyo X, alama inayopakwa kwenye jengo linalotakiwa kubomolewa. Lakini X huanza mbali, siku ile unapohesabu pesa za kiwanja mbele ya muuzaji na mashahidi wawili.

Mimi kazi yangu ni kuchora nyumba. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kiwanja changu, pesa yangu, jasho langu, kwa nini nikaombe ruhusa? Sioni kama ni swali la ukaidi. Mtu amejinyima miaka kumi, amenunua tofali kwa mafungu, na sasa anaambiwa kuna ofisi lazima imwambie sawa. Ana haki ya kuuliza.

Ardhi ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu sote. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyosema. Unachopewa ukipata hati ni haki ya kukaa na kuitumia ardhi kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Masharti hayo yameandikwa ndani ya hati yenyewe. Leo ukirudi nyumbani ifungue, usiishie ukurasa wenye jina lako na muhuri. Pita mpaka pale palipoandikwa matumizi: makazi, biashara, makazi na biashara, huduma. Soma na muda uliopewa wa kuendeleza. Nimekutana na watu waliokaa na hati kabatini miaka kumi na mitano bila kujua kuwa kiwanja walichojengea baa kimeandikwa makazi tu.

Basi hati inasema: hapa ni pako. Kibali kinajibu swali jingine: juu ya hapa patasimama nini, kitakaa upande gani, kitakwenda juu kiasi gani, na kitafanya kazi gani. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imekataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka, na inaposema kuendeleza haimaanishi kujenga nyumba mpya peke yake. Kubomoa kumo. Kugeuza sebule kuwa duka, ukabadili kazi ya jengo, nako kumo.

Naomba niwe mkweli kwa jambo moja, kwa sababu limewaumiza watu wengi. Barua ya mjumbe si kibali. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano si kibali, na mwenyekiti wetu hapa atanisamehe, yeye hana mamlaka ya kutoa kibali hata akipenda. Mita ya umeme si kibali. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme kwa LUKU, na mama mmoja aliniambia kwa uchungu, "Mwanangu, wananikata kodi kila mwezi, leo wananiambia nyumba yangu haitambuliki?" Nilikosa namna ya kumwambia kwa upole. Kodi ile inatozwa kwa sababu jengo lipo. Haijasema kama jengo lilipaswa kuwepo pale.

Sasa niwasimulie la nyumbani kwetu.

Nilipokuwa bado mwanafunzi tulimjengea mama nyumba ya vyumba vitatu. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na bikoni, yaani alama za mipaka, zilikuwepo, lakini mbili zilikuwa zimefukiwa na majani. Fundi alikuja asubuhi, akatazama fensi ya jirani, akavuta kamba kwa kuifuata ile fensi. Nami nilikuwepo, nikaishika ile kamba kwa mkono wangu. Nilipouliza habari ya kibali akasema, "Hayo tutayaweka sawa mbele ya safari, dogo, mvua inakuja." Tukachimba msingi. Tukapandisha, tukapaua, mama akahamia.

Miaka minne baadaye barabara ya mtaa ikaanza kufunguliwa, mpimaji akaja na mashine yake. Fensi ya jirani ilikuwa imeingia barabarani, na kwa kuwa sisi tuliifuata, ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umezidi kwa sentimita 80. Ni upana wa mlango. Chumba chenyewe ndicho alichokuwa analala mama. Nilibomoa mwenyewe, kwa nyundo, siku mbili. Tofali zilikuwa nzuri, tulizifyatua kwa saruji ya kutosha, kwa hiyo hazikuvunjika kirahisi. Kalenda ya mwaka uliopita ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari, mama akaja akaitoa, akaikunja, akaiweka chini ya kanga yake, hakusema neno.

Tungekuwa tumepeleka maombi, mtu wa mipango miji angekuja saiti kabla ya kamba kuvutwa. Angeuliza bikoni ziko wapi. Swali hilo moja tu lingetosha.

Ndiyo maana nasema kibali kina bei mbili. Kabla ya msingi ni karatasi, ada na subira. Ukishafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ni nyundo.

Nirudi kwenye X. Watu wengi wameumizwa na hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na hapa nitakaa kidogo. Kwa barabara kuu na za mikoa, zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipeleka mpaka mita 30. Kwa hiyo kukawa na watu waliojenga nje ya hifadhi, kihalali, halafu hifadhi ikawafuata. Hao ndio waliowekewa X ya kijani, maana yake wanastahili fidia. X nyekundu ni ya aliyeikuta hifadhi ipo akaingia ndani yake. Rangi hizo mbili watu huzichanganya, na kuna waliofungasha vyombo kwa hofu wakati karatasi zao zilikuwa zinawapa haki ya kudai.

Halafu kuna maeneo yenye kipimo chake chenyewe. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda nje ya jiji, hifadhi yake ilishikiliwa kuwa mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017, ilipoanza kazi ya kuipanua, zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa. Zilikuwemo nyumba za ghorofa, maduka, nyumba za wastaafu waliomalizia kiinua mgongo chao pale. Wapo waliokuwa na karatasi za mauziano zenye mihuri na sahihi. Walizinyanyua juu ili katapila lizione. Mimi nilipita pale wiki ile, na sijasahau.

Kwa mito na bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni, hutakiwi kuweka shughuli ya kudumu. Mnakumbuka mwishoni mwa 2015, nyumba za bondeni, Mkwajuni na Hananasifu. Na mnakumbuka pia Mto Msimbazi unavyokuwa mvua za masika zikikolea. Mita 60 hizo ni kumbukumbu ya maji, mto unajua ulikopita hata kama sisi tumesahau.

Kwa hiyo kabla hujanunua, usiishie kwa muuzaji na mjumbe. Nenda idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa eneo. Kama kiwanja kina hati, fanya sachi, yaani upekuzi kwenye daftari la hati, ujue jina lililopo kwenye daftari ni la nani, na kama benki haijaweka zuio. Chukua mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, zote nne, kwa vidole. Gharama ya mpimaji kwa siku moja mara nyingi haifiki gharama ya kubomoa ukuta.

Ukishakuwa na uhakika na ardhi, kazi ya kibali yenyewe haitishi kama inavyosimuliwa vijiweni. Utahitaji ushahidi wa umiliki, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na ramani. Ninaposema ramani sina maana ya ile picha ya nyumba nzuri uliyotumiwa kwenye simu. Ramani ya kibali inaonyesha nyumba imekaa wapi ndani ya kiwanja, umbali wake kutoka kila mpaka, shimo la maji taka liko wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, milango na madirisha, kimo, msingi. Kwa ghorofa, lazima iwe na michoro ya mhandisi, yenye hesabu za nguzo na slabu, ile sakafu ya zege ya juu, na sahihi na muhuri wa watu waliosajiliwa kwenye bodi zao. Siku hizi halmashauri nyingi zinapokea maombi kwa njia ya mtandao kwenye mfumo wa TAUSI, hivyo unaweza kuwa Newala ukaomba kibali cha Ubungo.

Maombi yako yatapita kwa watu kadhaa. Wa mipango miji anatazama matumizi na mpangilio. Mhandisi anatazama kama jengo litasimama. Afisa afya anatazama choo, hewa, mwanga. Wa zimamoto, kwa majengo makubwa na ya umma, anatazama watu watatokaje moto ukiwaka. Kila mmoja anaweza kukurudishia ramani irekebishwe, na watu hukasirika hapo. Mimi nikirudishiwa ramani naisoma kwanza. Mara nyingi aliyenirudishia ameona kitu ambacho mimi, kwa kuipenda nyumba niliyoichora, sikukiona.

Zile mita mnazoambiwa muache pembeni na nyuma watu huziona kama ardhi iliyoporwa. "Nimelipia mita zote, kwa nini nisizijenge zote?" Njooni niwaonyeshe mtaa mmoja, sitautaja jina, ambako kila mtu alijenga mpaka mwisho. Nyumba zimepandana mabega. Moto ukiwaka gari la zimamoto linasimama mita mia mbili nje, vijana wanapokezana ndoo. Gari la kunyonya maji taka halifiki, kwa hiyo mvua ikinyesha watu wanafungulia vyoo vyao mtaroni na watoto wanavuka mle kwenda shule. Mgonjwa anabebwa kwa kitanda mpaka barabarani. Mita moja na kitu ya kila mtu, zikijumlishwa, ndizo zingekuwa njia.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapa hapa mjini, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, wakati Kariakoo imejaa wanunuzi, ghorofa jingine likashuka, wakafa zaidi ya watu ishirini, na siku kadhaa waokoaji wakawa wanaongea na watu walio chini ya kifusi. Najua mnachowaza: hao ni matajiri wa maghorofa, mimi najenga chumba na sebule. Lakini wengi wa waliokuwa chini ya kifusi kile cha Kariakoo hawakuwa wenye jengo. Walikuwa wauzaji, wasaidizi wa maduka, wabeba mizigo, mtu aliyekuja kununua vitenge.

Na siku hizi hata mitaani kwetu watu wanapandisha. Mtu anajenga ya chini, akipata pesa anaongeza ghorofa juu ya msingi ambao haukuhesabiwa kubeba ghorofa. Nimeitwa mara moja kwenye nyumba ya namna hiyo. Nguzo ilikuwa imemwagwa jana yake. Tukabandua ubao wa boksi: zege limejaa matundu kama mzinga, kwa sababu halikushindiliwa, na nondo zimeonekana nje. Mchoro ulisema nondo za milimita 16, waliweka 12. Ringi, zile pete zinazozifunga nondo pamoja, mchoro ulizitaka kila sentimita 15, nikapima zaidi ya 30. Fundi hakuwa mtu mbaya. Aliniambia mwenye nyumba alimpa pesa ya nondo hizo, na hakuna mtu aliyewahi kuja kukagua. Mirunda iliyoshikilia slabu ya chini yake walishaitoa siku ya nane, ili wakaitumie kwenye slabu nyingine.

Ndiyo kazi ya ukaguzi wa hatua kwa hatua. Kibali hakiishii siku unapokipata. Unatakiwa kutoa taarifa unapochimba msingi, kabla hujamwaga jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, kabla hujamwaga slabu, ili mkaguzi aone nondo zikiwa bado zinaonekana. Zege likishafunika, hata mhandisi bora hawezi kuona ndani kwa macho. Mkaguzi asipofika, mfuate. Piga simu, nenda ofisini, andika barua, tunza nakala. Na zege lako limwagilie maji wiki nzima, asubuhi na jioni, hilo halihitaji kibali cha mtu. Methali yetu ya ufa na ukuta mimi nikiisikia naichukua kama maelekezo ya kazi: ukiona ufa kwenye nguzo, ondoa watu ndani, ndipo umwite mhandisi.

Kuna habari ya fremu. Karibu kila nyumba iliyo barabarani sasa ina fremu za maduka mbele. Naelewa, kodi ya fremu ndiyo inasomesha watoto. Ila fremu nyingi zimejengwa kwenye ile nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na barabara, na kiwanja chenyewe kimeandikwa makazi. Ukitaka biashara, omba kubadili matumizi. Ni utaratibu mrefu, una matangazo ili majirani wenye pingamizi wasikike, na majirani nao wana haki hiyo. Kuishi ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea wakati mtoto wako mchanga si jambo dogo. Lakini ukishapata, ndipo benki inakusikiliza na mpangaji mkubwa anakuja bila wasiwasi.

Sasa kwa ndugu zangu mliojenga ambako hakujapimwa, na mko wengi hapa, najua. Sikuja kuwatisha. Sehemu kubwa ya jiji hili imejengwa hivyo, na si kwa sababu watu ni wabaya. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na ghali, na watu walihitaji pa kulala. Kwenu mlango upo kwenye urasimishaji. Mnakaa kama mtaa, mnakubaliana njia zipite wapi, kila mtu anatoa kidogo, eneo linachorwa, linapimwa, mnapata hati. Ugumu haupo kwenye upimaji. Ugumu upo kwenye kile kikao cha majirani ambapo mzee mmoja anaambiwa minazi yake mitatu iko njiani. Msimfokee yule mzee. Nendeni kwake jioni, kaeni naye, mwambieni njia hiyo ndiyo gari la wagonjwa litakayopita kumchukua yeye. Na mkiajiri kampuni ya kuwapima, pesa ziingie akaunti, kila awamu ya kazi ilipiwe ikionekana. Ipo mitaa iliyochangishana, ikakusanya, ikalipa yote mwanzoni, na mpaka leo haijaona hati.

Kwa ofisi zetu nina neno pia, mtendaji ulifikishe. Mtu akileta maombi, ajibiwe. Watu wengi hawaanzi bila kibali kwa kupenda. Walipeleka, wakaambiwa njoo wiki ijayo, wakaja mara nne kwa nauli ya daladala, mvua zikakaribia, saruji ikaanza kuganda stoo. Kama maombi yana kasoro, mwenye maombi apewe kasoro zile kwa maandishi, zote kwa mara moja, siyo leo moja na kesho nyingine. Nanyi wananchi, malipo yote yaende kwa namba ya malipo ya serikali na risiti mkononi. Atakayekuambia "nipe hapa hapa nikuharakishie," siku X ikiwekwa hutamwona.

Nimemaliza maneno. Mwenyekiti ameniazima ukuta huu, na nimebandika mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu, ule uliopo halmashauri, nimeukuza kidogo ili namba za viwanja zisomeke. Njooni kwa mafungu, wazee watangulie. Tafuta namba yako, tazama palipoandikwa barabara, soko, shule, eneo la wazi. Kalamu ya risasi iko mezani. Kila mmoja aweke alama ndogo kwenye kiwanja chake. Na atakayeona alama yake imeangukia kwenye eneo la wazi au barabara asiondoke. Aje akae kwenye ile benchi ya kulia, mimi na mtendaji tutabaki naye mpaka jioni.